Ijumaa Ambayo Duka la Masoud Halikutajwa

Mume wangu, Theonest Kamugisha, alikuwa mtu wa bei. Wenzake waliotoka Bukoba na kupata kazi Dar es Salaam walikuwa makarani wa bandari au walimu wa misheni, na ukiuliza kazi zao ulijibiwa kwa neno moja. Yeye ukimuuliza, alianza kueleza mpaka chai ikapoa. Redio ilikuwa bado kitu kigeni, Waingereza walikuwa wameifungua juzijuzi tu, na Theonest ndiye aliyetengeneza Habari za Soko, kipindi kilichosomwa kila Ijumaa jioni baada ya magharibi. Hakusoma yeye, kwa sababu sauti yake ilikuwa nyembamba na Kihaya kilimfuata kila alipofungua mdomo. Aliyesoma ni Mwinjuma, Mzaramo mwenye sauti ya kutisha watoto. Theonest alizitafuta bei, akazipanga, akaandika kila neno, na Mwinjuma akalitamka kama lilivyoandikwa.

Kila Alhamisi alizunguka kwa baiskeli: Keko, Temeke, Ilala, Magomeni, mpaka Kinondoni. Kipindi kilianza na bei za mbata, korosho na pamba, ambazo nadhani hata Gavana hakuzisikiliza. Kisha Mwinjuma alikohoa kidogo na kusema, "Na sasa maduka ya nje ya mji," na hapo ndipo watu walipokaa kimya kwenye migahawa. Yalitajwa duka kwa duka kwa jina la mwenyewe, na bei ya mchele, sukari na mafuta ya taa. Serikali ilitaka watu wajue bei ili wasipunjwe.

Watu walikitumia kipindi kwa kazi nyingine kabisa. Kwao, duka lililotajwa lilikuwa zima na lisilotajwa lilikuwa mgonjwa. Mwaka uliotangulia mfanyabiashara mmoja wa Kinondoni alirukwa Ijumaa moja, na wiki iliyofuata mlango wake ulikutwa na kufuli, mwenyewe keshapanda meli na amana za watu mfukoni. Theonest alikuwa amemruka kwa sababu alipofika Alhamisi hakumkuta, basi. Lakini nani angesikiliza maelezo kama hayo? Tangu siku hiyo watu waliamini kuwa redio inajua mapema kuliko mwenye duka.

Sisi tulipanga vyumba viwili Temeke, nyuma ya duka la Bwana Masoud bin Muhsin. Babu yake ndiye aliyetoka Arabuni. Baba yake alizaliwa Temeke, yeye mwenyewe alizaliwa Temeke, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Mama yake, Bi Wahiba, alikuwa bibi mfupi mwenye macho ya kupekua, na nyumba nzima ilimtetemekea, nami nikiwamo. Yeye na mwanawe ndio waliowatunzia amana zao watu wa Temeke na Keko. Posta nao walipokea akiba, lakini posta unaulizwa jina la baba na kijiji, unashikishwa kalamu mbele ya watu, na siku unayotaka chako mwenyewe unaambiwa urudi kesho. Kwa Bi Wahiba ulipiga hodi uani, ukanywa kahawa, ukatoa kitambaa chako. Kabla ya kupokea alikuuliza kama unaruhusu fedha yako izungushwe dukani. Ilikuwa lazima aulize, kwa sababu amana ya mtu haiguswi bila ruhusa. Kila mtu aliruhusu, maana ukihitaji chako ulikipata siku hiyohiyo. Hivyo amana za mtaa mzima zilikuwa zimekaa pale dukani mbele ya macho yao, zikiwa magunia ya sukari na marobota ya vitambaa vya kaniki.

Fedha zetu sisi zilikuwa posta. Theonest alipenda mihuri.

Bi Wahiba alifariki Jumatano usiku, akazikwa Alhamisi. Mimi nilibaki uani na wanawake, Bi Tabu muuza vitumbua akiwa ndiye aliyeongoza kumwosha, maana walikuwa mashoga tangu usichana. Theonest alikwenda makaburini. Aliporudi alinieleza kuwa kabla watu hawajatawanyika Bwana Masoud alisimama, akasema kwa sauti kwamba yeyote anayemdai marehemu aje kwake, yeye mwanawe, atalipa. Ndivyo wafanyavyo Waislamu ili maiti wao asilale na deni. Theonest alilipenda jambo hilo. Alisema laiti na sisi Wakatoliki tungekuwa nalo.

Ijumaa duka lilibaki limefungwa. Redio ya Bwana Masoud, ile kubwa ambayo nusu ya mtaa huja kuisikiliza, ilikuwa imefunikwa kanga, kwa sababu nyumba ya msiba haifungui redio. Jioni ile nilikuwa nakoroga uji wa waombolezaji kwenye sufuria la kuazima. Nakumbuka kulikuwa na utulivu mtaani, nikadhani ni heshima ya msiba.

Jumamosi asubuhi watu walianza kuja. Mwanzoni nilifurahi. Nikasema, tazama jinsi bibi alivyopendwa, maana viatu vya wageni vilijaa mpaka barabarani. Lakini matanga nimeyahudhuria mengi, ya Waislamu na ya Wakristo, na najua mtu akishatoa pole na kuitikia dua hutafuta upenyo wa kuondoka. Hawa hawakuondoka. Walikaa barazani wakitazama mlango wa duka uliofungwa, na hawakupiga hata soga. Fundi Mwishehe, seremala wa Keko aliyezitengeneza rafu za duka, alikuwa amechungulia kwenye ufa wa dirisha na alibaki hapohapo muda mrefu. Nilipompelekea kahawa hakunitazama.

Kisha mmojammoja wakaanza kumwita Bwana Masoud pembeni. Sijawahi kuona adabu kama ile. Walimpa pole tena, wakauliza hali ya watoto, wakamsifu marehemu, halafu sauti ikashuka. Si kwamba ana shaka, Mungu apishe mbali, ila mkewe anakaribia kujifungua. Si kwamba ana haraka, ila paa limeanza kuvuja. Mwingine kaitwa kwao Kisarawe kwenye kesi ya shamba. Wiki ile Temeke nzima ilijifungua, ikaugua na kuvujiwa kwa pamoja, na wote walikuwa na amana kwa Masoud. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini mimi niliona huku sasa ni kuzidi.

Bwana Masoud alidhani ni lile tangazo lake la makaburini. Alidhani watu wamelielewa vibaya, wameona amana nazo ni deni la marehemu. Hakuudhika. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa, akamlipa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kila aliyelipwa alishukuru sana, akaenda zake, na sikuelewa kwa nini wanaobaki walizidi kuongezeka.

Theonest alirudi alasiri. Nilimvuta chumbani nikamuuliza mjini kumesemwa nini juu ya nyumba hii. Akasema hakuna. Nikamuuliza redioni jana kumesemwa nini. Akatabasamu. Naapa alitabasamu, uso wa mtu aliyefanya wema kwa siri na sasa umefichuka.

"Sikumtaja," akasema. "Bei zake nilikuwa nazijua, lakini nimemwacha. Mtu yuko msibani, jina lake litajweje katikati ya mafuta ya taa?"

Kwetu Bukoba nyumba ikifiwa jembe haligusi udongo, na babu yake Theonest alikuwa mkali kupita wote. Alikataza hata jina la nyumba yenye msiba lisipelekwe sokoni, mpaka siku za kilio ziishe. Theonest alilelewa na babu huyo. Alikuwa amekaa na karatasi yake pale kituoni, akafika kwenye jina la Masoud bin Muhsin, akaliheshimu, akalipita. Mwinjuma akasoma Keko, akasoma Temeke bila Masoud, akaendelea na Ilala. Mji mzima ukasikia isipokuwa nyumba moja, ile yenye redio iliyofunikwa kanga.

Sikumpigia kelele. Nilikaa kitandani, nikamwambia achungulie dirishani ahesabu vile viatu. Alichungulia. Tabasamu lilimtoka usoni polepole, na nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja, nisijue nianze na ipi. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Juu ya lisilosemwa hawakutuachia kitu.

Alikwenda kwa Bwana Masoud jioni ileile akamweleza yote. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Nilitegemea matusi, na ningeyakubali. Bwana Masoud alimshika bega akasema, "Umemheshimu mama yangu, Bwana Kamugisha. Mie siwezi kukulaumu kwa hilo." Kisha akauliza, kwa upole uleule, kama redio inaweza kulisema jina lake kesho.

Redio haikuweza. Jumatatu Theonest alimwendea mkubwa wake wa Kizungu, akaomba maneno machache tu katika habari za jioni. Mzungu alimsikiliza vizuri, akataka kujua ni kosa gani lililotangazwa. Theonest akasema hakuna lililotangazwa. Basi, akasema Mzungu, hatuwezi kusahihisha jambo ambalo hatukulisema, subiri Ijumaa. Theonest alirudi nyumbani anatembea na baiskeli mkononi, kana kwamba amesahau kuipanda.

Jumanne akafanya kosa ambalo mimi ningemzuia kama angeniuliza. Aliingia kwenye mgahawa wa jirani, akasimama katikati na suruali yake ya kazini, akawaambia watu kuwa yeye ni wa redio, kwamba duka la Masoud ni zima na wasiwe na hofu. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru. Alipotoka tu, mgahawa ukabaki mtupu, wote wamekimbilia kwa Masoud. Wao walijua Serikali haitumi mtu kukwambia usiogope ila pale penye jambo la kuogopwa. Walijifunza hivyo wakati wa vita, na tena baada ya vita.

Duka lilikuwa limefunguliwa sasa, kwa sababu fedha taslimu za ndani zilikwisha na ilibidi bidhaa ziuzwe. Bwana Masoud akauza sukari kwa bei aliyonunulia, na siku ya pili chini ya hapo. Theonest alisimama mbele ya kibao cha bei akakisoma. Aliniambia bei ile inaongea kuliko Mwinjuma, kwamba mtu yeyote anayejua soko akiiona atajua mwenye duka anazama. Wenye maghala wa mjini walijua soko. Walimwambia Bwana Masoud kwamba safari hii mzigo hautoki mpaka alipe kwanza, wao ambao baba yake aliwafundisha Kiswahili walipokuwa wageni mjini. Rafu zikaanza kuonyesha ukuta. Watu barazani waliziangalia zikipungua, na kila gunia lililotoka walilisindikiza kwa macho, maana kila mtu alijiuliza kama lile lilikuwa lake.

Hawakutukana wala hawakupaza sauti. Walisali saa za sala, wakarudi mahali pao. Watoto wa Bwana Masoud waliacha kucheza nje bila kukatazwa na mtu. Mahfudha, mkewe, alianza kukunja nguo na kuziweka kwenye sanduku, na nilipomuuliza anakwenda wapi akasema haendi popote, anakunja tu. Nilianza kuogopa kwenda kisimani kupitia barazani, mimi ambaye hawakuwa na neno nami.

Jumatano jioni nilimwambia Theonest lililonijia. Watu hawa maneno hawayaamini tena, yawe ya redio au ya mdomo. Wataamini watakachokiona. Wameona fedha ikitoka mlango ule kwa siku nyingi, sasa waone ikiingia. Tulikuwa na akiba posta, ya kujengea nyumba Magomeni, miaka mingi ya kula maharage. Nikamwambia aende akaitoe yote, aje nayo mchana kweupe, apite katikati yao na kuikabidhi kwa Bwana Masoud kama amana. Mtu wa redio, ajuaye bei zote za mji, anaweka fedha zake kwa Masoud. Nani atabaki na hofu baada ya hapo?

 Nyumba ya Magomeni ilikuwa ndoto yangu zaidi kuliko yake, alilijua hilo. Akauliza kama tumwambie Bwana Masoud mapema. Nikasema hapana, tukimwambia ataona ni mchezo wa kuwahadaa watu, na yule hachezi. Tumfikie tu mbele ya macho ya wote, atapokea kwa haya.

Alhamisi hakuzunguka na baiskeli. Alirudi kabla ya adhuhuri na fedha imefungwa ndani ya leso yangu ya kanisani, nikatoka naye, kwa sababu nilitaka tuonekane mke na mume. Baraza lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Walitupisha. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba hata hao wapangaji wamekuja kuchukua chao, na nikafurahi moyoni, nikasema ngojeni muone. Bwana Masoud alikuwa nyuma ya kaunta, amekonda, kanzu ina madoa ya mafuta ya taa. Mbele yake alisimama Bi Tabu. Alikuwa hajaomba chochote wiki nzima. Alikuja kila siku, akakaa, akaondoka, na siku hiyo alikuwa amesogea mpaka kaunta.

Theonest aliweka leso juu ya kaunta na kuifungua ili kila mtu aone. Akasema kwa ile sauti yake nyembamba, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, "Bwana Masoud, nimekuletea amana. Niwekee. Na nakuruhusu uizungushe."

 Niliwaona wakinyoosha shingo. Fundi Mwishehe alivua kofia. Mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Ameweka, jamani, yule wa redio ameweka," na neno likapita barazani. Nilimwona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akigeuka kwenda zake. Ilikuwa inafaulu. Kilichobaki ni mkono wa Bwana Masoud kunyooka na kuivuta ile leso upande wake.

Aliitazama leso. Akamtazama Theonest, kisha mimi, na naamini alielewa kila kitu, alielewa tumekuja kumwokoa na alielewa kwa namna gani. Macho yalimjaa machozi. Mkono ukanyooka. Akazikunja pembe za leso moja baada ya nyingine kwa uangalifu, kama anavyofanya mtu anayepokea, nami nikavuta pumzi. Kisha akaisukuma kuirudisha kwetu.

"Chukua, Bwana Kamugisha," akasema. "Amana hupokelewa na anayejua ataweza kuirudisha. Mie leo sijui."

Theonest akamwambia kwa kunong'ona, karibu ya kulia, kwamba ameruhusu, ameruhusu mbele ya watu wote, hata ikipotea hatadai. Bwana Masoud akatikisa kichwa. Akasema akiipokea ataichukua hapohapo amlipe Bi Tabu chake, na hiyo si amana tena. Akasema mama yake yuko kaburini wiki moja tu, na yeye hataanza sasa kula amana ya mtu.

Sijui nieleze vipi kilichofuata, maana hakuna aliyefanya kitu. Watu walikuwa wameona. Mwarabu mwenye duka kaletewa fedha mkononi na ameikataa, na mfanyabiashara hakatai fedha ila amekwisha kabisa. Yule mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa amerudi. Walisogea mbele wote kwa pamoja, hatua ndogo, bila kusukumana, mpaka nikabanwa kwenye kaunta na kusikia pumzi zao kwenye shingo yangu. Nilimshika Theonest mkono. 

Bi Tabu alikuwa ameweka viganja vyake viwili juu ya kaunta. Mikono ileile ilimwosha Bi Wahiba. Mwanamke huyu alimpokea Masoud siku alipozaliwa, alimwita mwanangu mbele ya mtu yeyote, na Idi zote alikula nyumba hii. Alimtazama usoni, na sauti yake haikuwa na hasira.

"Wewe Mwarabu," akasema, "tupe vyetu."

Bwana Masoud aligeuka kidogo kuangalia nyuma yake, kama vile pana mtu mwingine anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Kisha akainua ubao wa kaunta, akausimamisha ukutani, akasogea pembeni, akawaambia wapite.

Walipita. Waliingia mmojammoja, wengine wakisema samahani walipotugusa mabega, na wa kwanza kufika kwenye rafu alikuwa Fundi Mwishehe.